Gari na Nyumba Katika Mji wa Chumvi

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlioketi nyuma karibu na mlango, assalamu alaikum. Na wa salamu nyengine, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze kuhusu mtu kujitengenezea mwenyewe: gari lake, tukutuku yake, pikipiki yake, nyumba anayolala. Nimeitika kwa moyo mmoja kwa sababu ndiyo kazi ninayoifundisha, na kwa sababu naumia nikiona fedha za watu wetu zikipotea kwenye kazi iliyofanywa vizuri kabisa, ila kwa kanuni za mahali pengine. Hapo ndipo nitakapoanzia, na sitabanduka.

Vijana wetu wanajifunza ufundi kwenye simu. Nawaunga mkono. Zamani ujuzi wa spana ulifichwa gerejini, na leo mtoto wa Mtopanga anaweza kuona injini ya Probox ikifunguliwa boliti kwa boliti bila kumlipa mtu. Lakini anayefundisha kwenye ile video mara nyingi yuko Nairobi, au Nakuru, au Uingereza, na hewa anayoivuta si hewa yetu. Anakuonyesha kupaka rangi geti la chuma: piga msasa, paka praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma, kisha paka rangi. Kwake geti litakaa miaka. Fuata hatua zile zile hapa Likoni, na masika ya pili hayajafika utaona rangi imevimba na kutu inachungulia. Yule mtu hakukudanganya. Kwake hakuna chumvi ya kuihesabu.

Sisi watu wa Mombasa twaishi kisiwani na kandokando ya kisiwa. Upepo unaotoka baharini hubeba chembe za chumvi, nazo hutua juu ya mabati, ndani ya kufuli, kwenye vichwa vya betri, kwenye fremu za madirisha. Chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hivyo chuma chetu hubaki na utando wa maji hata siku isiyo na tone la mvua, na wewe ukikiangalia unakiona kikavu. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, na kutu yenyewe ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kati ya sehemu moja ya chuma na nyengine. Ukilijua hilo umejua nusu ya ufundi wa pwani. Kazi yoyote ya chuma au ukuta hapa kwetu ina hatua moja ambayo video haikuitaja: ondoa chumvi kwanza.

Sasa tuingie kwenye gari.

Wengi wetu huosha magari kwa maji ya kisima. Siwalaumu, maji ya mfereji hayaji kila siku na ya mkokoteni yana bei. Lakini visima vingi vya mji huu vina maji ya chumvichumvi, na gari lililooshwa kwa maji hayo likaachwa likauke juani limepakwa chumvi mwili mzima. Osha kwa maji ya kisima ukitaka, ila mtungi wa mwisho uwe wa maji matamu, na umwagie zaidi pale ambapo jicho halifiki: ndani ya matao ya magurudumu, chini ya milango, chini ya sakafu ya gari. Ukimaliza, inama uangalie ukingo wa chini wa kila mlango. Pana vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na matope, maji hukaa ndani ya mlango na kuula kutoka ndani, na utakapoona kipele cha kutu nje, ndani pameshakwisha. Kijiti kinatosha kuvizibua. Anayevuka feri ya Likoni kila siku alifanye hili mara nyingi zaidi ya wengine.

Kutu ikishatokea, msikubali kufunikwa. Mtu anakuja na bodifila, ule unga mzito wa kuziba mashimo ya bodi, anapaka juu ya kutu, anapiga rangi, gari linang'aa, analipwa. Kutu iko palepale inaendelea chini kwa chini. Kwanguo liende mpaka chuma kinachong'aa, kote, hata kama eneo litakuwa kubwa kuliko ulivyotarajia. Kisha osha kwa maji matamu, kausha kabisa, na praima ipakwe siku hiyo hiyo. Ukikiacha chuma kitupu usiku mmoja katika hewa hii, asubuhi kimeshaanza tena.

Betri. Vichwa vya betri hapa kwetu huota unga mweupe au wa kijani upesi, na gari likakataa kuwaka, na mwenyewe akakimbilia kununua betri mpya wakati ile ya zamani haina ubaya. Hii ni kazi ya kila mtu, na mama anayeendesha Vitz kwenda sokoni Kongowea anaiweza. Zima gari, toa ufunguo. Fungua kichwa cha hasi kwanza, ndipo cha chanya. Msiikariri tu, ijueni sababu yake: mwili mzima wa gari umeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeunganisha chanya na hasi kwa chuma, na cheche zake zinaweza kuunguza mkono au kulipua hewa inayotoka kwenye betri. Hasi ikishatoka, spana iguse inapotaka. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Koroga kijiko cha magadi, yale ya kupikia maharagwe, ndani ya maji ya moto, mwagia taratibu juu ya ule unga, utaona povu. Sugua kwa brashi, suuza kwa maji matamu, kausha, kaza, halafu paka grisi au Vaseline juu yake ili hewa ya chumvi isifike. Vaeni miwani, kwa sababu ndani ya betri mna tindikali, na msivute sigara karibu yake.

Ukiweza, nunua mita ndogo ya kupimia umeme. Betri nzima iliyojaa chaji ikapumzika husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imeshuka nusu. Washa injini, ikipanda hadi kati ya 13.5 na 14.5 basi altaneta inachaji. Namba hizo tatu tu zitakuokoa na mtu anayetaka kukuuzia altaneta usiyoihitaji. Tena kumbukeni joto letu hufupisha maisha ya betri, kwa hivyo yenye umri mkubwa ipimwe kabla ya safari ndefu, isingojwe ife Mtito Andei.

Rejeta sitaimaliza leo, lakini nitasema mambo mawili. La kwanza ni maji. Mtu anaona rejeta imepungua, anachota ya kisima anajaza. Kisiwa chetu kimekaa juu ya matumbawe. Maji yanayopita humo hubeba chokaa, na karibu na bahari hubeba na chumvi. Chokaa hujenga ukoko ndani ya mirija ya rejeta, ndio ule ule unaouona ndani ya birika, na chumvi inakula alumini. Injini inaanza kuchemka, na mwenye gari anaambiwa abadilishe hiki na kile. Tia kulanti, ile dawa ya kupozea injini, inayotajwa na kitabu cha gari lako, na ikihitaji kuchanganywa, ichanganywe na maji yasiyo na chumvi yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Msichague kwa rangi, maana kila kampuni hutia rangi yake. La pili ni kifuniko. Ndani ya rejeta ya moto maji huweza kupita digrii 100 yasichemke kwa sababu yamebanwa. Ukifungua, yanachemka yote kwa mara moja na kukurukia usoni. Bana mpira wa rejeta kwa mkono. Kama bado una joto, kaa kivulini ungoje.

Sasa jeki. Hapa nawaomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote.

Jeki imetengenezwa kuinua gari. Haikutengenezwa kulishikilia gari juu ya mtu. Mwanamaji wa Kwale kufa maji ni mazoea, na wanaobanwa chini ya magari wengi si wanagenzi, ni watu waliowahi kuingia wakatoka salama mara nyingi. Mafuta ya jeki huvuja, sili huchoka, ardhi hulegea. Na ardhi yetu yataka kuangaliwa hasa: ua wa nyumba ya Bamburi au Shanzu ni mchanga, na jeki huzama upande mmoja gari likiwa juu. Weka ubao mpana mgumu chini yake. Vuta handbreki, weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu linalobaki chini. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, maana kuzikaza na kuzilegeza likiwa juu ndiko kunakolisukuma likaanguka. Kisha kama unaingia chini, hata kwa kichwa na mkono mmoja, weka stendi mbili za chuma chini ya sehemu ngumu ya fremu, shusha gari likae juu ya stendi, litikise kwa mkono kabla hujaingia. Asiye na stendi asiingie. Jozi moja ya stendi ingenunuliwa na majirani wa uchochoro mmoja kwa kuchanga, ikakaa kwa mtu mwaminifu, watu wakaazima. Hilo nalitamani kuliona mitaani kwetu.

Breki mwenyewe uzikague, usizifungue kama hujafundishwa mkono kwa mkono. Angalia unene wa pedi kupitia matundu ya rimu. Zikibaki karibu milimita 3, peleka gari. Angalia na mafuta ya breki: yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na sisi hatuna upungufu wa unyevu. Mafuta yaliyonyonya maji huchemka mapema breki zikipata moto, na mguu ukazama mpaka sakafuni kwenye mteremko. Yabadilishwe kila miaka 2 hata kama gari linatembea kidogo. Chupa iliyofunguliwa ikakaa rafuni mwaka mzima msiitumie.

Tairi: ubavuni mna tarakimu nne ndani ya mviringo mdogo. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Angalia kabla ya kulipa, hasa mitumba. Na wenye magari ya haiburidi, yanayotumia petroli na umeme, kama Aqua, nyaya nene za rangi ya chungwa chini ya boneti hubeba umeme unaoweza kuua. Hizo na mifuko ya hewa ya usukani muachie aliyesomea.

Twende nyumbani.

Naanza na kuta, kwa sababu ndizo zinazoniuma. Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Kuze, Ndia Kuu, na baadhi ya zile kuukuu nje ya hapo, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Jiwe la tumbawe lina vinyweleo. Hunyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka mvuani, na lipu ya chokaa huuachia utoke polepole, ukuta ukakauka. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa matumbawe na chokaa, mbele ya bahari yenyewe, na mnaiona.

Sasa lipu ikibanduka chini ya ukuta, mtu huleta simiti. Anafikiri anaupa ukuta nguvu. Simiti ngumu huziba vinyweleo, unyevu ukakosa pa kutokea, ukapanda juu zaidi ndani ya ukuta, na pale unapopata mwanya ukatoka na chumvi yake. Maji yakikauka chumvi hubaki na kugeuka fuwele, na fuwele zikikua husukuma. Ndiyo sababu lipu ya simiti kwenye nyumba ya tumbawe huanguka vipande vikubwa vikubwa baada ya misimu michache, tena huanguka na ngozi ya jiwe. Wenye nyumba wanaambiwa simiti ilikuwa kidogo, waongeze. Wanaongeza.

Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi kuliko hiyo. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi: mfereji unaovuja, bomba la bafuni lililopasuka, maji ya paa yanayomwagikia ukutani, udongo wa nje uliopanda juu ya sakafu ya ndani. Yakate hayo. Bandua simiti taratibu. Fagia chumvi ikiwa kavu kwa brashi ngumu uizoe uitupe mbali, usiirudishe ukutani kwa maji. Uache ukuta upumue, na hili lataka subira ya miezi. Halafu piga lipu ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga safi, ukuta ukiwa umenyunyiziwa maji matamu, tabaka nyembamba moja baada ya nyengine, kila moja ikipewa nafasi ishike. Itundikie gunia bichi isipigwe na jua, maana chokaa ikikaushwa kwa haraka hugeuka unga. Chokaa huunguza macho na ngozi; glavu na miwani si za mapambo. Juu yake paka chokaa ya maji, wala msipake rangi ya plastiki, kwani nayo huziba yale yale tuliyohangaika kuyafungua.

Kwenye nyumba hizo hizo angalieni boriti. Huoza mwanzo pale kichwa kinapoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Dunga kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, hiyo si kazi yako peke yako, na watoto wasilale chini yake. Na nyumba ikiwa ndani ya eneo la hifadhi la Mji wa Kale, zungumzeni kwanza na Ofisi ya Uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kugusa mlango, baraza au roshani. Wapo mafundi wanaoijua chokaa, na wanazeeka. Kijana anayetaka kazi ambayo wengi hawaiwezi akawatafute sasa.

Kwa nyumba za kisasa za mawe na zege, adui ni yule yule, ila anaingia kwa mlango mwengine. Msichukue mchanga wa pwani kujengea kitu chenye nondo. Ni wa bure na uko karibu, na ndani yake mna chumvi. Nondo ikishika kutu hutanuka, ikataka nafasi kubwa kuliko ile iliyokuwa nayo, na zege ikapasuka kufuata mstari wa nondo. Mmeyaona kwenye vibaraza vya ghorofa nyingi mjini: vipande vinaanguka, chuma chekundu kinatokeza. Hata maji ya kukorogea yasiwe ya kisima cha chumvi. Nondo ifunikwe na zege si chini ya milimita 40 upande wa nje, na zege imwagiwe maji matamu siku 7 za mwanzo ili ikomae. Kijibanda, sakafu ya ua, ngazi mbili za mlangoni, hizo jifanyieni kwa kipimo cha moja kwa mbili kwa nne: simiti, mchanga, kokoto. Nguzo, boriti za zege, ghorofa ya kuongezea juu, hapana. Hizo zataka mhandisi na kibali cha kaunti, na kuvunja ukuta wa ndani ili sebule iwe pana kusianze kabla mhandisi hajauangalia.

Ufa nao usomwe. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kwenye lipu huwa ni lipu iliyokauka upesi. Ufa unaopanda mshazari kutoka kwenye pembe ya dirisha, mpana juu mwembamba chini, huenda ni msingi unatembea. Piga mstari wa penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, urudi baada ya mvua. Ukivuka mstari, ita anayejua.

Mabati yana namba zinazokwenda kinyume na watu wanavyodhani: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Karibu na bahari tofauti hiyo ni miaka. Ila bati zuri huharibiwa siku ya kwanza na graenda, ile mashine ya kukatia chuma. Moto wake huunguza zinki kwenye ukingo, na chembe za chuma zilizotapakaa juu ya bati huanza kutu kabla ya wiki kuisha, zikalivuta na bati lenyewe. Kata kwa mkasi wa bati, fagia paa kabla ya kushuka. Kazi za kupaka rangi nje zifanyeni wakati wa kaskazi, mvua ziko mbali, na tena oshani ukuta au geti kwanza. Rangi iliyopakwa juu ya chumvi imepakwa juu ya kitu kinachoyeyuka. Na paa za zamani za asbesto msizitoboe, msizikate, msizisugue. Vumbi lake huua mapafu, Kenya iliyapiga marufuku matumizi yake tangu mwaka 2006, na kuziondoa paa hizo ni kazi ya wenye leseni.

Nimefika kwenye shawa ya umeme, na hapa narudi kwenye sauti ile niliyoitumia kwa jeki.

Shawa nyingi za kupasha maji papo hapo zina waya wa kupasha ulio wazi, uchi, ndani ya maji yenyewe. Zimetengenezwa kwa maji matamu, ambayo hupitisha umeme kidogo sana. Nimewaambia chumvi hufanya nini. Ukiifunga shawa hiyo kwenye nyumba inayotumia kisima cha chumvi, umeme una njia ya kushuka na maji mpaka kwa aliyesimama chini yake. Watu huzoea ule mtekenyo kwenye mfereji wa bafuni wakasema ndivyo ilivyo. Mwanamaji wa Kwale yule yule. Mtekenyo huo ni onyo la mwisho, zimeni kwenye swichi kubwa na isitumike tena mpaka iangaliwe.

Zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, waya wake umefunikwa. Muulizeni muuzaji hivyo, na msome kwenye boksi wenyewe. Shawa ya wati 5,500 kwa umeme wetu wa volti 240 huvuta karibu ampea 23, na waya wa soketi wa kawaida usitumike kuibeba. Iwe na waya wake mnene kutoka kwenye boksi, swichi yake, na kikatio chake, na waya wa ardhi ulioshika kwelikweli. Vijiti vya ardhi hapa kwetu huliwa na kutu vilevile, kwa hivyo kilichofungwa zamani si ushahidi kwamba leo kipo. Nyumba iwe na kile kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30. Kina kitufe cha kujaribu. Kibonyezeni kila mwezi, na kisipokata, kimekufa. Kubadilisha balbu na kukibonyeza kitufe hicho ni kazi yako. Nyaya, shawa, boksi, ni za fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, na muombe akuonyeshe leseni hiyo. Aliye fundi kweli hatakasirika.

Kwa jumla, mnapomwita fundi, kaeni naye. Muulize kwa nini, omba uione spea kuukuu aliyoitoa, uishike mkononi. Na mlipeni vizuri. Mtu akijua kazi ndogo kwa mikono yake huiheshimu kazi kubwa ya mwenziwe, na hapo ubishi wa bei hupungua pande zote mbili. Mama zangu mnaolipa fundi kila mara mfereji unapodondoka: funga valvu kubwa, fungua kichwa cha mfereji, toa washa ya mpira iliyochakaa, ipeleke dukani upewe ya kipimo hicho hicho. Ni kazi ya muda mfupi, na washa ni senti.

La mwisho ni taka za kazi zetu, na sitalipitia juu juu kwa kuwa ni la mwisho.

Oili chafu uliyoitoa kwenye injini usiimwage uani wala mtaroni. Matumbawe hayachuji kitu, yana mianya, na kilichomwagwa juu hushuka kwenye kisima cha jirani au kikatoka baharini. Ikinge kwa beseni, itie kwenye mtungi uliofungwa, uipeleke kwenye gereji au kituo cha petroli kinachokusanya. Ulizeni kabla ya kuanza kazi, msije mkabaki nayo mkononi. Na msiipake kwenye mbao za kitanda wala mlango kuzuia mchwa, kwa sababu ina sumu na watoto hushika kila kitu.

Betri iliyokufa ni zaidi ya hapo. Ndani yake mna madini ya risasi. Mji huu hauhitaji kufundishwa na mtu wa nje risasi hufanya nini. Pale Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikaa ubavuni mwa nyumba za watu, na watoto wakaugua kwa sumu iliyotoka humo. Mahakama hapa Mombasa iliwapa wakazi haki mwaka 2020 kwa kuamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na uamuzi huo ulipotenguliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikaurudishia nguvu mwaka 2024. Kwa hivyo nikimwona mtu anavunja betri kwa nyundo nyuma ya nyumba ili auze risasi kwa kilo, au anaiyeyusha kwenye sufuria kufanyia uzito wa nyavu, siwezi kunyamaza, na nawaomba nanyi msinyamaze. Irudisheni nzima, haijapasuliwa, dukani mnakonunua mpya. Muulizeni mwenye duka kwanza anaipeleka wapi na atakupunguzia kiasi gani, na akisema hapokei, nunua kwa anayepokea.